Kidonge Kabla ya Kung'oa Nanga: Jibu kwa Mwalimu Anayeogopa Kutapika Melini

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi Tabata. Nina presha, natumia amlodipini kila asubuhi, na kipandauso kinanisumbua tangu usichana. Mwanangu anafanya kazi Johannesburg. Ametukatia tiketi ya meli ya watalii mwezi wa Desemba, usiku nne, kutoka Durban kwenda Msumbiji na kurudi. Tutakuwa na wajukuu wawili, mmoja ana miaka 7, mwingine mwaka mmoja na nusu. Shida yangu ni kwamba boti ya Zanzibar tu inanimaliza. Natapika tangu tunapoiacha Kigamboni nyuma mpaka tunafunga gati Malindi. Jirani anasema nipande na njaa. Shoga yangu hubandika plasta kitovuni. Duka la dawa niliwahi kupewa Buscopan, haikunisaidia kitu. Je, kuna namna ya kuzuia, au nimwambie mwanangu arudishe tiketi?

JIBU: Shikamoo, mwalimu.

Usimwambie arudishe. Safari hiyo unaiweza, na inawezekana kabisa usitapike hata mara moja. Sharti langu ni moja, nitalirudia humu mpaka unichoke: kichefuchefu cha bahari kinazuiwa ukiwa bado nchi kavu. Wengi wanaokuja kliniki kunisimulia safari mbaya hawakukosa dawa. Walikuwa nayo kwenye mkoba. Walingoja kwanza waone bahari itakuwaje, na mate yalipoanza kujaa mdomoni ndipo wakaitafuta. Wakati huo tumbo limeshagoma. Mtu akianza kuchafukwa na roho, tumbo huacha kusukuma vitu kwenda kwenye utumbo mdogo, na huko ndiko dawa hufyonzwa na kuingia kwenye damu. Kidonge kinakaa palepale na chai ya asubuhi, kisha vyote viwili vinatoka vilikoingilia. Mtu anashuka gatini akisema dawa haifai, kumbe haikupata nafasi ya kufanya kazi.

Nikueleze kinachotokea mwilini, maana ukikielewa utajua mwenyewe ushauri upi wa majirani uushike na upi uuache.

Ndani kabisa ya sikio, jirani na sehemu inayosikia sauti, kuna mifereji mitatu midogo iliyojaa majimaji, na vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa. Mifereji inahisi kichwa kinapogeuka. Vifuko vinahisi mwili unapopanda, unaposhuka au unaposukumwa mbele. Muda wote ubongo unalinganisha habari hizo na zile zinazoletwa na macho, misuli na nyayo. Ukiwa umeketi ndani ya boti, macho yanatazama mgongo wa kiti cha mbele na kuripoti kwamba mmetulia. Sikio linaripoti kwamba mnapanda, mnashuka, mnalala upande. Habari hazilingani, ubongo unahangaika, na kwa watu wengi mahangaiko hayo yanaishia kwenye miayo, jasho baridi, mate mengi, kigegezi, halafu matapishi. Kwamba mwanzo wake ni sikio tunajua kwa uhakika, kwa sababu watu ambao sehemu hiyo imekufa kwenye masikio yote mawili hawachafukwi na bahari, hata mawimbi yawe makubwa namna gani. Tumbo ni mahali ambapo shida inaonekana tu. Kwa hiyo kulitesa kwa njaa, au kulifunga kwa plasta kitovuni, ni kumwadhibu asiyehusika. Plasta ya kawaida haina dawa yoyote ndani yake. Shoga yako akisafiri salama nayo, mshukuru Mungu kwamba siku hiyo bahari ilikuwa shwari.

Hali yako haina uhusiano na woga wala udhaifu. Wanawake huchafukwa zaidi ya wanaume, na wenye kipandauso huchafukwa zaidi ya wasio nacho, kwa hiyo wewe una sababu mbili. Horatio Nelson, admirali mkubwa wa Uingereza, alichafukwa na bahari maisha yake yote, na kazi yake ilikuwa huko huko baharini. Habari njema ni kwamba umri uko upande wako. Shida hii huwa kali zaidi utotoni, kisha hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Sasa, kuhusu boti. Usiipime meli kwa boti ya Zanzibar. Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliwaweka watu kwenye chumba kinachopanda na kushuka, wakabadilisha kasi yake ili waone mwendo gani unatapisha zaidi. Mwendo mbaya kuliko yote ulikuwa wa kupanda na kushuka mara moja katika kila sekunde tano hivi. Ukienda haraka zaidi ya hapo, kama farasi anavyokimbia, watu wanachoka lakini hawatapiki. Ukienda polepole zaidi, athari inapungua pia. Boti zetu ni nyepesi na zinakimbia. Kusi inapovuma, hasa Juni mpaka Agosti, mawimbi yanazinyanyua na kuzishusha karibu kabisa na mwendo huo mbaya, na juu yake kuna mrama wa kushoto na kulia. Meli inayobeba watu elfu kadhaa ni ndefu kiasi kwamba inakalia mawimbi kadhaa kwa pamoja. Inayumba kwa utaratibu na kwa kiasi kidogo. Chini ya maji ina mapezi mawili yanayojigeuza yenyewe kuupunguza mrama. Mapezi hayo hayazuii omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, kupanda na kushuka, ndiyo maana siku ya upepo mkali bado utausikia mwendo, ila hautakuwa ule wa boti.

Njia yenu nayo ina unafuu. Sehemu inayoogopwa na mabaharia kwenye pwani ile iko kusini ya Durban, ambako mkondo wa Agulhas unashuka kwa nguvu na upepo wa kusini-magharibi ukiukabili, mawimbi yanasimama wima. Ninyi mnaelekea kaskazini. Desemba ni ndani ya msimu wa vimbunga vya Mlango wa Msumbiji, unaoanza Novemba mpaka Aprili, lakini hilo halikuhusu wewe kulitatua. Nahodha anapata taarifa za hali ya hewa kila wakati, na akiona kuna kimbunga hubadilisha njia au huruka kituo. Mkiambiwa hamshuki kisiwani leo, msinung'unike.

Kabla sijafika kwenye dawa, mpigie mwanao simu kuhusu chumba. Hili ni la kufanya wiki hii, kwa sababu vyumba vizuri huisha mapema. Meli hucheza kama ubao wa bembea ya watoto: wanaokaa ncha mbili ndio wanaorushwa, anayekaa katikati hasogei sana. Omba chumba cha katikati ya meli, kwenye sitaha ya chini. Vyumba vya juu vyenye baraza ndivyo vya gharama na ndivyo vijana wanavyopenda kuwanunulia wazazi wao kwa mapenzi, lakini kadiri unavyopanda juu ndivyo mrama unavyozidi, na cha juu kikiwa pia omoni, hapo amekununulia mateso. Mwambie bila kuona haya kwamba unataka cha chini. Kikiwa na dirisha ni bora zaidi. Kisipokuwa nalo, bado unaweza kulala vizuri, kwa sababu mtu aliyelala chali na kufumba macho huchafukwa kidogo kuliko aliyeketi.

Dawa ndiyo sehemu ambayo watu wengi hupotezwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nianze na Buscopan uliyopewa. Kuna dawa inaitwa hayosini ambayo ni kati ya kinga zenye nguvu zaidi dhidi ya kichefuchefu cha safari. Lakini hayosini zipo mbili. Moja inaingia kwenye ubongo, na hiyo ndiyo inayokinga. Ya pili, iliyomo kwenye Buscopan, imetengenezwa isiingie kwenye ubongo. Inabaki tumboni kulegeza misuli inayokata. Ni dawa nzuri ya msokoto wa tumbo, lakini baharini haikulindi. Aliyekuuzia inawezekana aliliona jina hilo moja akadhani ni kitu kimoja. Jambo kama hilo linatokea kwa Plasil, ambayo maduka mengi ya hapa mjini hutoa kwa kila anayetaja kutapika. Plasil inafaa kwa kutapika kwa sababu nyingine nyingi, lakini kichefuchefu kinachoanzia kwenye sikio haikizuii. Ukiingia duka la dawa ukasema tu "nataka dawa ya kutapika", utapewa moja ya hizi mbili. Sema hivi: "Nataka dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari, na nina presha."

Kwa umri wako na presha yako, ningeanza na sinarizini. Kwenye boksi utaiona imeandikwa Cinnarizine, na jina la kibiashara linalojulikana zaidi ni Stugeron. Inafanya kazi kwenye sikio lenyewe, inapunguza ukali wa ishara zinazotoka kwenye ile mifereji. Usingizi inaleta, ila kwa watu wengi ni mdogo kuliko wa dawa nyingine za kundi hili. Vidonge vipo vya miligramu 15 na vya miligramu 25, na watu huvichanganya, kwa hiyo soma boksi. Vya 15, mtu mzima humeza viwili masaa mawili kabla ya safari, kisha kimoja kila baada ya masaa manane ikihitajika. Vya 25, kimoja kabla ya safari na kimoja kila baada ya masaa manane. Meza baada ya kula kitu, maana kwenye tumbo tupu inaweza kuchoma. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Wewe hukutaja ugonjwa huo, lakini kama dawa itagawiwa wenzako wa safari, waulizwe.

Presha yako haikuzuii kuitumia. Kwa baadhi ya watu inaweza kuishusha presha kidogo zaidi, na hilo likichanganyika na usingizi, meli inayoyumba na bafu lenye utelezi, mtu wa miaka 61 anaweza kuanguka. Kwa hiyo mwonyeshe daktari anayekuandikia amlodipini, na ukishaanza kuitumia, amka kitandani kwa hatua: kaa kwanza, subiri, ndipo usimame ukishika kitu.

Promethazini, ambayo wengi wanaijua kama Phenergan, ina nguvu zaidi na inapatikana kirahisi hapa Dar. Miligramu 25 usiku wa kuamkia safari huwasaidia vijana wanaotapika sana. Kwako sipendi uanze nayo. Inalaza mno, inakausha mdomo, na kwa watu wa umri mkubwa inaweza kuleta mchanganyiko wa mawazo, kuzuia mkojo na kushusha presha ghafla mtu anaposimama. Yeyote mwenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba asiiguse bila kumwona daktari.

Ipo pia plasta halali kabisa, ile ya hayosini inayobandikwa nyuma ya sikio. Dawa inapenya ngozini taratibu kwa siku tatu, kwa hiyo tumbo likigoma halina athari kwake. Inabandikwa angalau masaa manne kabla ya kuondoka. Nchi nyingi wanaitumia sana melini, na mwanao anaweza kukuuliza kama aitafute. Mimi kwako ningeiweka akiba, kwa sababu ina kasoro zilezile za promethazini kwa wazee, na inaongeza moja: ukiishika halafu ukajipangusa jicho, mboni inapanuka na kuona kunafifia mpaka mtu anadhani amepata kiharusi. Anayeitumia anawe mikono kwa sabuni kila anapoigusa.

Dawa yoyote utakayochagua, ijaribu ukiwa nyumbani Tabata kabla ya siku ya safari. Meza kipimo kimoja siku ambayo huna pa kwenda, uone inakulaza kiasi gani na mwili unaipokeaje. Melini si mahali pa kugundua kwamba dawa fulani inakupa kizunguzungu. Ukiridhika, fanya jaribio la pili: panda boti. Kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijakaza, Oktoba na Novemba, bahari yetu hutulia. Chagua boti ya asubuhi, kabla upepo haujaamka, meza sinarizini masaa mawili kabla, kaa chini katikati, nenda Unguja ukasalimie watu na urudi. Nataka ufanye hivyo kwa sababu ambayo haipo kwenye karatasi ya dawa. Mtu aliyetapika mara nyingi kwenye chombo, mwili wake huwa umejifunza. Wapo wanaoanza kuchafukwa gatini, kwa harufu ya dizeli tu, kamba bado zimefungwa. Safari moja isiyo na matapishi inaanza kuifuta kumbukumbu hiyo, na utaingia Durban ukiwa na ushahidi wako mwenyewe mkononi.

Wajukuu ni jambo jepesi kuliko unavyodhani. Yule wa mwaka mmoja na nusu usimpe kitu chochote. Watoto walio chini ya miaka miwili ni nadra sana kuchafukwa na bahari, na promethazini kwa umri huo ni hatari, inaweza kuzuia pumzi. Hata akilia vipi, hata kama jirani wa chumba atakwambia "mpe kidogo alale", usikubali. Wa miaka 7 ndiye wa kuangaliwa, yuko kwenye umri mbaya kuliko wote. Sinarizini inaruhusiwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 12, kwa nusu ya kipimo cha mtu mzima, lakini mama yake aipitishe kwanza kwa daktari wa watoto. Kinachomsaidia mtoto zaidi ya kidonge ni kumnyang'anya tableti na simu. Kichwa kilichoinamia skrini ndani ya chombo kinachoyumba ni njia fupi ya kufika kwenye ndoo. Mpeleke sitahani, mwambie atafute meli nyingine kwa mbali, ahesabu mawingu, aimbe. Kuimba kunasaidia kwelikweli, kwa sababu kunapanga pumzi.

Kuhusu chakula, kula. Jirani yako hana nia mbaya, lakini tumbo tupu huongeza kigegezi, na ukija kutapika bila kitu tumboni unatapika nyongo, ambayo inaumiza na kuchosha zaidi. Saa chache kabla ya kuondoka kula chakula chepesi kisicho na mafuta: wali mkavu kidogo, mkate, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu. Ukishapanda, kula kidogo kidogo mara nyingi. Kwenye meli hizo chakula kipo tangu alfajiri hadi usiku na tayari kimelipiwa, na watu wetu wengi hujipakulia kana kwamba kesho hakuna. Siku ya kwanza jizuie. Vyenye mafuta mengi na vyenye harufu kali viachie siku ya pili. Pombe kwa yeyote katika familia isichanganywe na dawa hizi, inazidisha usingizi na inalichanganya sikio lenyewe.

Tangawizi ni nzuri kiasi. Tafiti zake hazikubaliani, baadhi zimeona unafuu, nyingine hazikuona, lakini haidhuru na inapendeza. Beba ya kutafuna au unga wa kutia kwenye maji moto, ila iwe msaidizi wa kidonge, isiwe mbadala wake. Ndimu ya kunusa iko kwenye fungu hilohilo. Haiingii kwenye sikio, lakini inafukuza harufu ya dizeli na ya matapishi ya jirani, na harufu hizo ndizo humalizia kazi ambayo mawimbi yameianza. Bangili zinazobana kifundo cha mkono zinauzwa sana kwa wasafiri, na ushahidi wake ni dhaifu. Usizinunue kwa fedha ya kidonge.

Siku yenyewe ya safari, zingatia saa. Durban iko nyuma yetu kwa saa moja. Ikiwa saa yako bado inasoma ya Dar na meli imepangwa kuondoka saa kumi jioni ya huko, utajikuta umemeza mapema au, vibaya zaidi, umechanganyikiwa ukachelewa. Badilisha saa mara tu unapotua. Na usihesabu kuanzia unapopanda: abiria huingizwa melini mapema, hukaa masaa kadhaa bandarini ambako maji yametulia. Hesabu kutoka muda wa kung'oa nanga. Kwa mfano huo wa saa kumi, kidonge ni saa nane mchana. Cha usiku umeze kabla ya kulala hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu upepo ukibadilika usiku utaamka umeshachelewa.

Meli ikishatoka, panda sitahani. Simama karibu na katikati, tazama mbele mahali bahari inapokutana na mbingu, na uache mwili ufuate mwendo badala ya kukaza miguu kupingana nao. Macho yakiona mstari ule umetulia, yanaanza kukubaliana na sikio. Usisome, usijaze fomu, usishone, usipekue mkoba ukiwa umeinama. Kama bado utahisi joto linapanda usoni na miayo imeanza, hizo ndizo dalili za mwanzo, zishughulikie hapohapo: hewa safi, pumzi ndefu na za polepole kutoka tumboni, mawazo yaende kwenye kitu kingine. Zikizidi, rudi chumbani ulale chali, kichwa kitulie juu ya mto, macho yafumbe.

Kuna saa moja ya kuwa makini zaidi ambayo wageni hawaitarajii. Kwenye vituo vya kisiwani ambako hakuna gati, meli hutia nanga mbali na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Boti hiyo ikisimama kando ya meli ikisubiri kujaa, inarukaruka kuliko chochote mlichokiona njia nzima. Watu waliokaa siku mbili bila shida hutapika pale. Kama masaa manane yameshapita tangu kipimo chako cha asubuhi, meza kingine kabla ya kushuka, na uwe kati ya wa mwisho kuingia kwenye boti, ili usubiri ukiwa juu ya kitu kikubwa.

Na ukitapika licha ya yote, usijione umeshindwa. Usimeze kidonge kingine juu ya matapishi. Kila meli ya namna hiyo ina zahanati na daktari, na anaweza kukuchoma sindano ambayo haihitaji ruhusa ya tumbo. Huduma hiyo hulipiwa, mara nyingi kwa bei inayouma, kwa hiyo mwanao ahakikishe bima ya safari inaigharamia. Kunywa maji ya ORS kwa mikupuo midogo. Beba pakiti zake kutoka hapa, ni bei rahisi na nyepesi. Amlodipini yako imeze asubuhi kabla ya chochote, wakati tumbo limetulia. Ukiitapika muda mfupi baada ya kuimeza, usiirudie kwa kubahatisha, mwone daktari wa meli akupime presha kwanza. Kama miongoni mwa dawa zako za presha kuna ya kukojoza ambayo hukuitaja kwenye barua, mwambie hilo kabla ya yote, maana kutapika pamoja na kukojoa sana hukausha mwili upesi.

Tenganisha pia kichefuchefu cha bahari na maradhi. Bahari haileti homa na haiharishi. Ukiona kutapika kumekuja pamoja na kuhara au homa, na bahari iko shwari, hayo huenda ni maambukizi ya tumbo, na virusi vya namna hiyo huenea haraka melini. Nawa kwa maji na sabuni kila kabla ya kula, maana ile jeli ya mikono haiviui vizuri, na toa taarifa zahanati hata kama mtaambiwa mkae chumbani. Kichwa kikiuma kuliko kipandauso chako cha siku zote, uso ukipinda au mkono ukikosa nguvu, usiseme ni bahari, itwe dharura mara moja.

Kwa watu wengi ubongo huuzoea mwendo ndani ya siku mbili au tatu. Kwa safari yako ya usiku nne ina maana kwamba kazi kubwa iko siku ya kwanza na ya pili, na siku ya tatu ukiona umetulia unaweza kupunguza dawa, uitumie tu upepo ukiamka. Mazoea hayo yana upande wake wa pili. Mkishuka Durban, ardhi itaonekana kuyumba, hasa ukiwa bafuni umefumba macho au umesimama kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Ni ubongo unaendelea kujibu mawimbi ambayo hayapo. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Siku hizo usipande ngazi bila kushika ukuta na usikae nyuma ya bodaboda. Ikivuka wiki kadhaa, njoo kliniki ya masikio, pua na koo, na uje na karatasi yenye tarehe ulizosafiri na majina ya dawa ulizotumia.